Kikao Kilinoga, Simulizi Ikadoda

Mpwa wangu yuko chuo, mwaka wa pili. Kila Jumamosi jioni yeye na wenzake wanne hujikusanya sebuleni kwa dada yangu na madaftari, penseli, karanga na dadu za ajabu ajabu, wakapiga kelele hadi saa nne usiku. Mwezi uliopita nilipokwenda kuwatembelea alinipokea amenuna.

"Mjomba, nimeandika mchezo wetu wote, tangu kikao cha kwanza. Kurasa arobaini na tatu! Nimeuweka mtandaoni, nimeutuma mpaka kwenye grupu la ukoo. Hakuna aliyesoma."

Dada yangu, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, alijitetea. Yeye alifungua. Aliona kichwa, "Kampeni Yetu, Sehemu ya Kwanza", akadhani mwanawe anagombea uongozi wa wanafunzi. Akaendelea kwa moyo wa mama. Ukurasa wa pili akakuta mtu anaitwa Thorgrim mwenye HP kumi na mbili. "HP si zile printa? Nikasema haya si yangu, nikaacha."

Tulicheka, ila maneno ya dada yangu yamebeba karibu kila sababu inayozikosesha wasomaji simulizi za namna hii. Michezo hii inazidi kutajwa, hasa tangu vijana waione kwenye tamthilia za mtandaoni, na wanaoicheza wanawaka hamu ya kuisimulia. Anayesimuliwa naye hajui hata anasimuliwa kitu gani. Basi tuanze na maneno.

Mchezo wenyewe nitauita mchezo wa uhusika wa mezani. Watu wachache wanakaa pamoja. Mmoja wao ni mwongozaji: ndiye anayeubeba ulimwengu wa mchezo, na ndiye anayemsemea kila asiye na mchezaji wa kumsemea, kuanzia mlinzi wa lango na mama muuza samaki hadi joka lenyewe. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake. Mwongozaji anasema, "Mmefika mtoni, daraja limeoza." Wachezaji wanasema wahusika wao wanafanya nini. Penye shaka kama jambo litafaulu au la, dadu inarushwa. Hakuna mshindi, na kuna siku haihitajiki hata picha moja mezani. Kama utotoni uliwahi kucheza baba na mama, au polisi na wezi, umeshacheza nusu yake. Nusu ya pili ni sheria na dadu, ambazo kazi yake kubwa ni kumaliza ule ugomvi wa "Nimekupiga, kufa!" na "Hujanipata!"

Mkao mmoja ni kikao. Vikao vikifuatana kwa miezi au miaka, wahusika wakiwa walewale, hiyo ndiyo kampeni. Dada yangu hana kosa kuwaza kofia na kanga za uchaguzi. Neno hili lilitoka vitani. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa, Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulitoka Marekani mwaka 1974 katika nakala 1,000 zilizofungashwa kwa mkono, na jalada lake lilisema hizi ni kanuni za kampeni za michezo ya vita. Waliouanzisha walikuwa watu wa kupanga askari wadogo wa kuchezea juu ya meza na kurudia vita vya kale. Kwao kampeni ilikuwa mapigano yanayofuatana, kama mwanajeshi yeyote anavyolielewa neno hilo. Ile HP nayo ni hesabu ya uhai, yaani kipigo ambacho mhusika anaweza kukibeba kabla hajaanguka. Haina uhusiano na printa.

Sasa, kuandika kilichotokea mezani si jambo la juzi. Arneson, hata kabla mchezo haujachapishwa, alikuwa akiwatolea wachezaji wake kigazeti cha habari na uvumi wa Blackmoor, nchi yao ya kubuni. Mwaka 1975 mama mmoja wa Los Angeles, Lee Gold, alianzisha chapisho lililoitwa Alarums and Excursions. Kila mchangiaji aliandika kurasa zake mwenyewe, akazituma, zikafungwa pamoja na kusambazwa kwa posta, na simulizi za vikao zilikuwa sehemu ya kawaida ya kurasa hizo. Wasomaji wake, hata hivyo, walikuwa wachezaji wenyewe. Hawakuhitaji kuelezwa dadu ni nini.

Waliofanikiwa kuwanasa wasiocheza ni Wajapani, na kisa chao ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 1986 jarida la michezo ya kompyuta lililoitwa Comptiq lilianza kuchapa mazungumzo ya kikundi kimoja cha wachezaji, mwongozaji akiwa Ryo Mizuno. Nia ilikuwa kuwaonyesha wasomaji mchezo huu wa kigeni unachezwaje. Yaliandikwa kama tamthiliya: jina la anayesema, nukta pacha, alichosema. Wajapani huziita simulizi za mtindo huo ripurei. Wasomaji waliokuja kujifunza mchezo wakajikuta wanawasubiri watu. Mwaka 1988 simulizi ile ikawa riwaya, mwaka 1990 ikawa katuni, na leo jina la Lodoss, kisiwa cha kubuni cha mchezo ule, linajulikana na watu ambao hawajawahi kushika dadu. Yule binti mzuri Deedlit, wa jamii ya elf, viumbe wa hadithini wenye masikio marefu, ambaye vijana wengi walimpenda kupita kiasi, pale mezani alichezwa na mwanamume, mwandishi wa hadithi za kisayansi. Hakuna aliyejali.

Nikarudi kwenye kurasa za mpwa wangu. Kikao cha tatu kilianza hivi:

"Tulianza saa kumi na moja. Waliokuwepo: Thorgrim, Zuhra, Kibwe na Mzee Faki. Walitoka mjini wakaingia msituni wakakutana na majambazi 6. Thorgrim alipata 14, akampiga wa kwanza, akatoa 7. Zuhra alipata 9, akakosa. Kibwe alipata 17…"

Tafuta ulipowahi kusoma maandishi ya namna hii. Mimi nilikumbuka mara moja: muhtasari wa kikao cha vikoba. Waliohudhuria, ajenda, yatokanayo, mengineyo. Muhtasari una kazi yake, na kikundi cha mpwa wangu kinauhitaji, maana bila huo nani atakumbuka Mzee Faki anadaiwa dhahabu kiasi gani? Lakini sijawahi kumwona mtu kwenye daladala akisoma muhtasari wa vikoba visivyo vyake, akapitiliza kituo.

Hapo ndipo dhana potofu ya kwanza inapokaa, kwamba simulizi kamili ndiyo simulizi nzuri. Wengi wanaandika kila kitu kwa uaminifu wa karani, wakiamini utamu walioupata mezani utahama wenyewe kwenda kwenye maandishi. Hauhami. Mezani ulikuwepo mwili wako: ulikuwa unacheka, unasubiri zamu, umemkasirikia aliyekula karanga zako. Msomaji hana hata kimoja. Msikilize mtu aliyetoka uwanjani anavyosimulia mechi kwa kinyozi. Hasemi dakika ya kwanza beki alimpasia kiungo, kiungo akarudisha kwa beki. Anasema, "Tumebaki kumi, dakika nne, halafu kipa anachechemea." Mkasi unasimama hewani. Kwa maneno machache amekwambia kinachoweza kupotea, kilichopungua na muda uliobaki, wala hujamuuliza matokeo.

Nikamuuliza mpwa wangu, "Ni siku gani mlipiga kelele hadi jirani akagonga mlango?"

Akakaa wima. "Siku ya daraja, Mjomba! Zuhra ndiye alikuwa na dawa, halafu Kibwe akakata kamba!"

"Akakata? Mwenzake akiwa juu?"

"Si majambazi walikuwa nyuma yake! Na dadu ikaingia chini ya kochi, tukaifuata kwa tochi."

"Iko ukurasa wa ngapi?"

"Thelathini na moja."

Akanisomea: "Kibwe alihitaji 15, alipata 3, akashindwa. Zuhra alianguka mtoni."

Basi. Kisa kilichomfanya jirani avae kandambili usiku kimekaa mstari mmoja, na kimezikwa chini ya kurasa thelathini za majambazi wasio na majina. Tukakaa naye nusu saa, tukakiandika upya. Sehemu yake ilitoka hivi:

"Zuhra amebakiza hatua tatu. Nyuma yake majambazi wawili wameshakanyaga daraja na kamba zinalia. Kiunoni amefunga chupa ya dawa, na dawa ni ya mdogo wa Kibwe, anayewaka homa siku ya tano leo. Kibwe yuko ng'ambo, panga mkononi. Akikata sasa, majambazi wanakwenda na maji. Zuhra itabidi aruke, na yeye amdake. Mwongozaji akasema, kumi na tano au zaidi. Kibwe akatazama dadu ya nyuso ishirini, akajua ni nyuso sita tu zitakazomwokoa Zuhra. Akakata. Dadu ikaruka meza, ikaviringika chini ya kochi. Tulipiga magoti wote watano na tochi ya simu.

Tatu."

Si kazi ya fasihi, najua, na mpwa wangu ataiboresha. Angalia tu mpangilio. Msomaji anaambiwa kwanza kinachowekwa rehani, halafu ugumu wake, halafu dadu inarushwa, mwisho matokeo. Katika ule mstari wa kwanza vyote vilikuja kwa pumzi moja, na 15 na 3 zikawa tarakimu tu. Mtangazaji wa redio anajua hili bila kufundishwa. Penalti ikiwekwa, haanzi na goli. Anakupa mpigaji, kipa, ukimya wa jukwaa, ndipo mguu unagusa mpira.

Dadu ndiyo mali ambayo mtunzi wa riwaya hana. Katika riwaya, mhusika akifa najua mtunzi ameamua, na moyoni nabaki nikimshuku. Hapa hakuna aliyeamua. Kibwe alitaka kumwokoa, mwongozaji alitaka ampate, hata wale wengine waliokuwa wakimzomea walitaka ampate, na kipande cha plastiki kikasema hapana. Ndiyo sababu nashauri usiibadilishe namba kamwe, hata kama matokeo yanaharibu hadithi uliyoipanga. Mengine yote punguza utakavyo: unganisha vikao viwili kuwa kimoja, futa safari ya siku sita, ondoa majambazi wanne kati ya sita. Huko siko kusema uongo, ni kusimulia. Ila dadu ikianza kutoa ishirini kila penye hatari, msomaji ananusa. Na dadu zisizobeba kitu usizitaje kabisa. Kikao cha saa tano kinaweza kuwa na mirusho zaidi ya mia, na simulizi yake ikahitaji mmoja.

"Lakini wasiojua sheria si watapotea?" Hii ni dhana nyingine, na ndiyo inayowafanya waandishi waanze na kurasa tatu za maelezo ya kanuni. Ni watu wangapi wanashangilia mpira bila kuweza kukueleza otea? Sheria ielezwe inapouma. Kwenye daraja tumeeleza moja tu, kumi na tano au zaidi, na mtu yeyote aliyewahi kucheza ludo akingoja sita ameelewa.

Majina yanahitaji huruma. Wahusika wanne kwenye sentensi moja ni kama kuingia harusini ukatambulishwa kwa mawifi wote mlangoni. Ukifika kwenye kiti hukumbuki hata mmoja. Mlete mmoja, na mlete na anachokitaka. "Kibwe anatafuta dawa ya mdogo wake" inakaa kichwani. "Kibwe, mpiga upinde wa ngazi ya tatu" inateleza. Wachezaji nao wana majina yao ya kweli, na simulizi nyingi huyachanganya na ya wahusika hadi hujui nani amekufa na nani amekwenda kununua soda. Chagua. Ama ufiche meza, iwe hadithi tupu, ama uionyeshe kama Wajapani walivyofanya. Mimi napenda ionekane mara chache, pale tu inapoongeza kitu. Kochi na tochi vimeongeza. Saa mliyoanza haijaongeza chochote.

Kuna utani wa ndani pia, ule wa "mngekuwepo". Mara nyingi haufai kuandikwa, lakini kuna kisa kimoja kilichopona. Kiliandikwa Marekani miaka ya 1980 na Richard Aronson, hakizidi ukurasa mmoja au miwili, na hadi leo wachezaji wanakirudia. Mwongozaji anamwambia mchezaji kuwa mbele yake, juu ya kilima, kuna gazebo. Gazebo ni kile kibanda cha bustani chenye paa na nguzo, cha kupumzikia. Mchezaji hajui. Anadhani ni dubwana. Anauliza rangi yake, anaambiwa nyeupe. Anaisalimu, haijibu. Anaipiga mshale, mshale unakwama, gazebo imetulia. Anaogopa zaidi. Mwishowe mwongozaji, uvumilivu umemwisha, anamwambia amechelewa kukimbia: gazebo imeamka, imemkamata, imemla. Hakuna sheria hata moja unayopaswa kuijua ili ucheke, kwa sababu kila mtu amewahi kuona aibu ya kuuliza maana ya neno. Kuna kampeni za miaka kumi, zenye maelfu ya kurasa, zilizopitwa na kile kibanda.

Mlango wa kuingilia, basi, usiwe kikao cha kwanza. Kikao cha kwanza karibu daima ni watu wasiojuana wakikutana kwenye mgahawa, na kwa msomaji hakuna sababu ya kukaa humo. Anza na daraja. Maneno mia saba au mia nane yanayojitegemea, yanayosomeka kwenye simu kati ya vituo vitatu vya basi. Kichwa kisiwe "Kampeni Yetu, Sehemu ya Tisa" bali "Kibwe Alikata Kamba". Aliyependa atatafuta mwenyewe ya nyuma. Wasomaji wa Kiswahili mtandaoni hawana haja ya kufundishwa kufuatilia; simulizi za mfululizo za mapenzi na majambazi zina wafuasi wanaoamka nazo, na "itaendelea" ikikatwa pabaya utaona hasira zao. Wanachodai ni vitu viwili: siku isiyobadilika, na mistari miwili ya kukumbusha tulipoishia. Babu zetu walianza na "Paukwa!" wakangoja "Pakawa!" kabla hawajaendelea, yaani walihakikisha kwanza kuna mtu upande wa pili.

Nimesikia pia kwamba maandishi yamepitwa, kila mtu anataka video. Ushahidi unaotajwa ni Critical Role, kikundi cha waigizaji wa sauti wa Marekani walioanza kurusha mchezo wao moja kwa moja mwaka 2015. Mwaka 2019 waliwaomba mashabiki dola 750,000 za kutengeneza katuni, wakapewa zaidi ya milioni 11. Hilo ni kweli. Ila kipindi kimoja chao huchukua saa tatu, nne, hata zaidi, na kampeni yao ya kwanza ina vipindi 115. Piga hesabu ya bando. Mashabiki wenyewe walijitolea kuandika yaliyosemwa, neno kwa neno, ili yasomeke na yatafutike. Nayo ile katuni ilipotoka mwaka 2022, msimu wa kwanza ulikuwa na vipindi 12 vya takriban nusu saa. Hata wenye mali, wenye sauti na sura na mamilioni, walishika mkasi.

Kuhusu shangazi aliyeandika kwenye grupu kuuliza kama haya si mambo ya majini: hofu hiyo ilivuma sana Marekani miaka ya 1980, vikaundwa hata vikundi vya kuupinga mchezo. Sebuleni kwa dada yangu nimeona penseli na maganda ya karanga. Mwandishi asifungue simulizi kwa kujitetea. Utetezi unamkaribisha msomaji kutafuta kosa.

Kitu kimoja mpwa wangu hakuwa amekiwaza ni wenzake. Mchezo ni wa watano, maneno ni ya watano, na si kila mtu anataka alichokisema akiwa amevimba kwa hasira za dadu kisomwe na mwalimu wake. Aliwatumia daraja kabla ya kulitoa. Anayemcheza Thorgrim aliomba mzaha wake mmoja ufutwe, ukafutwa, na hakuna msomaji atakayejua ulikuwepo. Anayemcheza Kibwe aliomba lile la tatu liandikwe peke yake kwenye mstari.

Kikao cha Jumamosi iliyopita kimeahirishwa kwa sababu ya mitihani, na kijacho mwongozaji ana harusi ya kaka yake. Hivyo ndivyo kampeni zinavyokwenda, ndiyo maana nilimwambia asianze kuchapa kabla hajawa na akiba. Ana sehemu tatu mkononi. Ya pili imetoka Alhamisi. Dada yangu aliisoma akiwa amesimama jikoni. Zuhra yuko ukingoni mwa mto, anapumua, na chupa haina kizibo.